"Wapagazi walilala hapa": -li- yetu moja, Kifaransa mbili

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naongoza wageni hapa Bagamoyo. Kifaransa nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuwasikiliza wageni. Juzi nilisimama na kundi la Wafaransa pale Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, nikawaambia: Les porteurs ont dormi ici. Bibi mmoja akacheka, akaniuliza: La nuit dernière ? Mwenzake akaniambia ilitakiwa dormaient. Mimi kwa Kiswahili husema "wapagazi walilala hapa" na hakuna anayenicheka. Hiyo njeo ya dormaient, imparfait, inaundwaje, na nitajuaje lini ni yenyewe na lini ni passé composé, ile ya ont dormi? Nakuandikia na sentensi nyingine mbili ninazozitumia kila siku, unisahihishie: Bagamoyo était la capitale jusqu'en 1891 (Bagamoyo ilikuwa makao makuu hadi 1891), na Si j'aurais le temps, je vous montrerais Kaole (ningekuwa na muda, ningewaonyesha magofu ya Kaole).

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yule bibi alikutania, lakini utani wake una somo ndani. Sentensi yako ilikuwa Kifaransa safi kabisa. Shida ni kwamba ilisema jambo lingine. Les porteurs ont dormi ici maana yake kuna wapagazi fulani walifika, wakalala, wakaamka, kwisha habari. Mtu akisikia hivyo lazima ajiulize ni usiku gani huo. Ndipo bibi akakuuliza kama ni wa jana. Wewe ulitaka kusema kwamba walikuwa wakilala pale, msafara kwa msafara, miaka nenda miaka rudi. Hiyo ndiyo kazi ya imparfait: Les porteurs dormaient ici.

Nianze na kuiunda, maana hapo pepesi na sitakaa sana. Chukua kitenzi katika wakati uliopo, nafsi ya nous, yaani "sisi": nous dormons. Kata -ons, inabaki dorm-. Sasa bandika miisho: je dormais, tu dormais, il dormait, nous dormions, vous dormiez, ils dormaient. Umemaliza. Na uzuri wake ni huu: vile vitenzi vikorofi vinavyokusumbua katika wakati uliopo hapa vinashika adabu. Boire ni nous buvons, basi je buvais. Prendre ni nous prenons, basi je prenais. Finir, nous finissons, je finissais. Voir, nous voyons, je voyais. Mkaidi ni mmoja tu, être, kwa sababu nous sommes haina -ons ya kukata. Yeye shina lake ni ét-: j'étais, tu étais, il était, nous étions, vous étiez, ils étaient. Kariri huyo mmoja. Pamoja naye jua il pleuvait (mvua ilikuwa ikinyesha) na il fallait (ilibidi), kwa kuwa mvua hainyeshi kwa nafsi ya nous.

Katika kuandika kuna mambo matatu ya kuangalia. Manger hubaki na e yake mbele ya a, je mangeais, ils mangeaient, ila mbele ya i huiacha: nous mangions. Commencer huvaa kile kimkia chini ya c: je commençais, kisha hukivua: nous commencions. Na étudier shina lake tayari linaishia na i, kwa hiyo nous étudiions ina i mbili. Nilipoiandika hiyo ubaoni mara ya kwanza, nikifundisha Tanga, darasa zima lilinyoosha mikono kunisahihisha. Nilifurahi. Walau walikuwa macho.

Matamshi sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wetu. Miisho -ais, -ait na -aient sauti yake ni moja, karibu sana na e ya "embe". Ile -ent ya mwisho usiiguse. Kwa hiyo ukisikia parlait na parlaient hutajua ni mmoja au wengi mpaka usikie sentensi nzima. Hilo ni lao, wamezoea.

Ugonjwa wetu ni huu. Kiswahili kina irabu tano na e yetu ni moja. Kwa masikio yetu mangé na mangeais zote huishia na e ileile. Kinachobaki kuzitenganisha ni mwanzo: j'ai mangé dhidi ya je mangeais. Nasi hapo tunaharibu tena, kwa sababu tunaitamka je ya Kifaransa kama "je" ya kuulizia, "je, umekula?". Mfaransa akisikia hivyo anasikia j'ai. Kwa hiyo unaweza kuwa umejifunza imparfait vizuri kabisa, ukaisema, na mgeni akasikia passé composé. Dawa ni kuifanyia mazoezi sauti ya je, ambayo Kiswahili hatuna: weka ulimi kama unataka kusema e, kisha viringisha midomo kama mtu anayepuliza chai ya moto. Sauti itoke fupi na isiyo na nguvu. Hiyohiyo ndiyo iliyoko mwanzoni mwa je faisais: ile fai- haitamkwi "fe" ya "fedha", bali kwa sauti hiyo ya kupuliza chai.

Sasa tuje kwenye kiini. Umeniambia kwa Kiswahili unasema "walilala" na yatosha. Ni kweli, -li- yetu ni mpole, inabeba yote. "Alilala" yaweza kuwa usiku mmoja na yaweza kuwa mazoea ya maisha. Lakini usidhani Kiswahili hakina tofauti hiyo. Kinayo, tena umeinyonya na maziwa ya mama, ila imehifadhiwa mahali pengine: kwenye -ka- na kwenye "alikuwa".

Chukua kitenzi chako ukijaribu mara mbili. Kwanza kivike -ka-. Je, hadithi inasonga mbele hatua moja? Hiyo ni passé composé. Pili, kigeuze kuwa "alikuwa aki-" au "alikuwa ana-". Je, maana imebaki ileile uliyoikusudia? Hiyo ni imparfait.

Tujaribu kwa wapagazi wako. "Walifika jioni, wakatua mizigo, wakalala hapa, alfajiri wakaondoka." Hicho ni kisa cha usiku mmoja, na kwa Kifaransa vitenzi vyote vinne ni passé composé: Ils sont arrivés le soir, ils ont posé leurs charges, ils ont dormi ici, ils sont repartis à l'aube. Unaona? Ile ont dormi iliyowachekesha watu, hapa imekaa mahali pake. Lakini ukisema "misafara ilikuwa ikitoka Tabora na Ujiji, ilikuwa ikileta pembe za ndovu, wapagazi walikuwa wakilala hapa", hakuna hatua hata moja iliyosonga. Unapaka rangi ukuta. Les caravanes venaient de Tabora et d'Ujiji, elles apportaient de l'ivoire, les porteurs dormaient ici.

Sikiliza kipande kingine, cha kawaida tu, kama ambavyo ungemsimulia mtu barazani:

"Jana nilikwenda pwani. Mvua ilikuwa ikinyesha, wavuvi walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakishona nyavu. Mtoto mmoja akaja mbio, akaniambia samaki wamekwisha. Nikacheka, nikarudi nyumbani."

Hier, je suis allé à la plage. Il pleuvait, les pêcheurs étaient assis sous un manguier et réparaient leurs filets. Un enfant est arrivé en courant, il m'a dit qu'il n'y avait plus de poisson. J'ai ri et je suis rentré à la maison.

Weka kidole kwenye kila -ka-: akaja, akaniambia, nikacheka, nikarudi. Zote passé composé, pamoja na "nilikwenda" inayofungua kisa. Kisha weka kidole kwenye "ilikuwa ikinyesha" na "wakishona": imparfait. Kiswahili kimekufanyia kazi yote. Ndiyo maana huwa sipendi vile vitabu vinavyomkaririsha mwanafunzi maneno ya dalili, eti ukiona hier ni passé composé, ukiona toujours ni imparfait. Hier, il pleuvait ni sahihi kabisa. Na J'ai toujours aimé la mer, nimependa bahari siku zote, nayo ni sahihi. Dalili zile husaidia kwenye mtihani wa kujaza nafasi, ukitoka nje zinakutupa.

Ila katika kipande hicho nimepita juu ya mitego miwili, sasa nirudi nyuma.

Mtego wa kwanza ni "walikuwa wamekaa". Mwanafunzi anayejua kidogo huona -me- ndani ya "walikuwa wame-" akadhani ni jambo lililokwisha kabla ya jingine, akakimbilia plus-que-parfait: ils s'étaient assis. Wakati mwingine ni kweli. "Nilipofika alikuwa ameondoka" ni il était parti. Lakini Kiswahili hutumia -me- pia kwa hali ambayo mtu yumo ndani yake: amekaa, amesimama, amelala, amevaa, amechoka. Anayeambiwa "amevaa kanzu" anamwona mtu na kanzu yake mwilini sasa hivi. Hali hizo zikirudi nyuma kwa "alikuwa", Kifaransa huzitia kwenye imparfait. Alikuwa amevaa kanzu: il portait un kanzou. Alikuwa amesimama mlangoni: il était debout à la porte. Alikuwa amechoka: il était fatigué. Jiulize tu: pale nilipomkuta, kanzu ilikuwa mwilini au amekwisha kuivua? Kama ilikuwa mwilini, imparfait.

Mtego wa pili ni "akaniambia samaki wamekwisha". Sisi tukiripoti maneno ya mtu hatuyasogezi. "Alisema anakuja." "Alisema anaumwa." Kitendo kimepita, lakini maneno yake tunayaacha yalivyotoka kinywani. Mfaransa huyarudisha nyuma yote: Il a dit qu'il venait. Il a dit qu'il était malade. Ukisema Il a dit qu'il est malade, atakuelewa, ila atafikiri mtu huyo bado yu mgonjwa hadi saa hii. Kwa kazi yako hili ni kubwa, maana kiongozi wa wageni siku nzima anaripoti: dereva alisema anatusubiri, mlinzi alisema kanisa limefungwa. Le gardien a dit que l'église était fermée.

Kuna kikundi kidogo cha vitenzi ambapo kubadili njeo kunabadili hata maana, na mtihani wa -ka- unafanya kazi vizuri ajabu. Je savais, nilikuwa najua. J'ai su, nikajua, yaani habari ilinifikia. J'avais peur, nilikuwa naogopa. J'ai eu peur, nikashtuka. Je pouvais ouvrir la porte, nilikuwa na uwezo wa kuufungua mlango, na labda sikuufungua. J'ai pu ouvrir la porte, nikaweza, mlango ukafunguka.

Sasa sentensi yako ya pili: Bagamoyo était la capitale jusqu'en 1891. Hapa umefanya kinyume cha kosa la kwanza. Nadhani baada ya kuchekwa umeanza kuiogopa passé composé. Imparfait haipendi uzio. Ukishaweka mpaka wa mwisho, jusqu'en 1891, au ukahesabu muda wote, pendant trois ans, umelifunga jambo kama kifurushi, na kifurushi ni cha passé composé: Bagamoyo a été la capitale de l'Afrique orientale allemande jusqu'en 1891. Wajerumani wakahamishia makao ya koloni lao Dar es Salaam, ikaisha. Lakini simama ndani ya wakati wenyewe, useme En 1890, Bagamoyo était la capitale, na imparfait ni halali, maana mwaka 1890 ukiangalia kushoto na kulia huoni mwisho. Kiswahili kote ni "ilikuwa". Hapa mtihani wangu wa "alikuwa" haukusaidii, lazima utafute uzio. Vivyo hivyo "niliishi Tanga miaka mitatu" ni J'ai habité trois ans à Tanga, japo miaka mitatu ni mirefu. Urefu si hoja.

Ila depuis si uzio. Depuis inaonyesha tu jambo lilikoanzia, na mwisho umeachwa wazi. Nasi tuna namna yetu nzuri ya kulisema hilo: "nilikuwa na saa nzima nasubiri", J'attendais depuis une heure. Ukifika na wageni pale Misheni, ulipolazwa mwili wa mpelelezi Livingstone kabla ya kuvushwa Unguja, unaweza kutumia zote mbili katika pumzi moja. Alifariki Mei 1873 huko ambako leo ni Zambia, na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili hadi pwani: Quand ils sont arrivés à Bagamoyo, en février 1874, ils marchaient depuis des mois. Walipofika, hatua moja. Walikuwa na miezi njiani, hali. Na kwa kuwa uko hapohapo: Les pères ont fondé la mission en 1868 (mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu waliianzisha misheni), tukio. Ils parlaient français, les enfants parlaient swahili, hali. (Wewe si wa kwanza kuhangaika kati ya lugha hizi mbili upande huu wa pwani. Padri Charles Sacleux, Mfaransa wa shirika hilohilo la Roho Mtakatifu, aliishia kutunga kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa iliyotoka Paris mwaka 1939.)

Nikupe na neno moja litakalokuokoa mara nyingi: on. Kiswahili chetu cha kuongoza wageni kimejaa -wa ya kutendwa: samaki walikuwa wakiuzwa hapa, pembe zilikuwa zikipimwa pale. Usijitese na être na kauli ya kutendwa. On vendait le poisson ici. On pesait l'ivoire là. On hufuata umbo la il, kwa hiyo mwisho wake siku zote ni -ait. Na "palikuwa na" au "kulikuwa na", yoyote ile, ni il y avait, umoja hata kama vitu ni elfu.

Halafu adabu. Sisi tukitaka kumwomba mtu jambo hatumkabili na "nataka". Tunarudi nyuma hatua moja: "nilikuwa nataka kukuuliza", "nilikuwa naomba". Wafaransa nao hufanya hivyohivyo, kwa imparfait: Je voulais vous demander quelque chose. Hakuna aliyetaka jana, anataka sasa hivi, ila kaupunguza ukali. Ni mahali pachache ambapo unaweza kutafsiri neno kwa neno na ukatoka salama.

Imebaki Kaole. Si j'aurais le temps ni kosa ambalo hata watoto wa Ufaransa hulifanya, na walimu wao wana msemo wa kuwakemea: les si n'aiment pas les -rais. Najua limetoka wapi kwako: Kiswahili hukirudia -nge- pande zote mbili, "ningekuwa na muda, ningewaonyesha Kaole", nawe ukaweka -rais pande zote mbili. Kifaransa huigawa. Upande wa si unapewa imparfait, upande wa pili ndio unaopewa -rais: Si j'avais le temps, je vous montrerais Kaole.

Lakini kwa nini uwaambie huna muda? Hiyohiyo si pamoja na imparfait, bila upande wa pili na sauti ikipanda mwishoni kama ya kuuliza, ndiyo namna yao ya kusema "vipi twende?". Subiri mpaka jua lipoe, saa kumi hivi, wakishamaliza kunywa maji yao, uwaambie: Et si on allait à Kaole ?